Amana ya Mama Mapasa

Nyumba tuliyokulia ilikuwa ya matofali ya kuchoma. Baba aliijenga chumba baada ya chumba, kila safari ilipomwendea vizuri, kwa hiyo haikuwa na umbo. Ukitaka kufika jikoni ulipita chumba cha wazazi, na dirisha la chumba chetu sisi watoto lilitazama ndani ya chumba kingine, kwa sababu hicho kingine kilikuja baadaye. Wageni walicheka. Sisi tuliipenda hivyo hivyo.

Tulikaa Kolwezi, Katanga, mtaa wa chini ya vilima vya taka za mgodi. Kampuni ya mgodi ilipolipua baruti, sahani zililia kabatini, na mama aliendelea kupepeta unga bila kuinua uso. Baba alikuwa na lori. Ukoo wake ulitoka Kasongo, Waislamu wote, na yeye alikuwa mchukuzi: mihogo, samaki wakavu, abiria, mpaka Kisenge na Dilolo. Mama alizaliwa Kongolo, kaskazini mwa Katanga, katika nyumba ya Wakatoliki; alisilimu alipoolewa. Ndani tulizungumza Kiswahili cha baba, barabarani Kiswahili cha Katanga, na hakuna aliyetuuliza chochote.

Upande wa kulia, nyuma ya ua wa matete, alikaa Mama Mapasa. Kwetu kila mama aliyezaa mapacha huitwa hivyo, na sikumjua kwa jina jingine. Mumewe alikuwa fundi umeme katika karakana ya kampuni. Walikaa na mapacha wao, wasichana wadogo kuliko mimi, na mama wa huyo fundi, bibi kizee ambaye mumewe aliletwa kutoka Kasai na kampuni, zamani za Wabelgiji, kuja kuchimba shaba. Kwenye ua palikuwa na pengo la kupitisha sufuria. Mimi nililipita kila nilipotoka shule, maana Mama Mapasa alikuwa mshonaji, na cherehani yake ilikuwa ya mkono. Yeye alishika kitambaa, mimi nikazungusha gurudumu. Siku alizochoka tulibadilishana, na hivyo nikajua kushona kabla sijajua kusonga bukari, ugali wa kwetu.

Kampuni ilianza kufa kama mgonjwa wa tumbo: leo nafuu, kesho kitandani. Unga wa wafanyakazi ulichelewa, kisha ukakoma. Hospitali ikawaambia wagonjwa waje na sindano zao. King'ora cha zamu, ambacho mtaa mzima ulikifuata badala ya saa, kilinyamaza siku nzima, na kesho yake kikalia ovyo katikati ya asubuhi, watu wakatoka milangoni wakatazamana. Wanaume waliozoea kurudi na vumbi jekundu wakawa wanarudi safi. Hilo ndilo lililomtisha mama. Alisema mwanamume akirudi safi, nyumba ina njaa.

Njaa ilipokaa, watu wakaanza kuitafutia wa kulaumiwa. Redioni wakubwa walisema Katanga ni ya Wakatanga. Mtaani neno likawa fupi zaidi. Watu wa Kasai wakaitwa bilulu, yaani wadudu. Nililisikia mara ya kwanza bombani, kutoka kwa mama mmoja aliyekuwa akicheka, na wenye ndoo zao wakacheka naye, na Mama Mapasa akiwa pale pale kwenye foleni. Hakugeuka. Zamu yake ilipofika alijaza ndoo nusu tu, akaondoka.

Kisha tukaanza kusikia filimbi. Tuliijua filimbi ile. Ilikuwa ya refa wa mechi zetu za Jumapili, mfua nguo katika hoteli ya wageni wa kampuni, na wa kwanza mtaani kuachishwa kazi. Watu walimwamini mno kwa sababu hakuipendelea timu ya mtaa wake. Sasa aliipuliza asubuhi, siku za kazi, na vijana wakakusanyika uwanjani wakiwa na vitambaa vyekundu vichwani. Hawakuwa na mpira. Walikimbia kuzunguka uwanja wakiimba, na sisi tukiwa darasani tuliwasikia wakienda na kurudi. Mwalimu alifunga madirisha, akawaambia watoto wa Kasai wakae nyuma. Hakuwaeleza kwa nini, wala wao hawakuuliza. Juma lililofuata madawati ya nyuma yalikuwa matupu.

Siku fundi umeme alipozuiwa kwenye lango la karakana, alikuja kwetu akiwa bado na koti la kazi. Baba alimpa kiti, hakukaa.

"Tata, mi nilizaliwa hapa," alimwambia baba. "Kasai naisikiaka tu mu redio. Sasa banasema nirudie kwetu. Namna gani muntu anarudia kwenye hakutokea?"

Baba alimsogelea. Alimshika mkono tu, akakaa akiushika.

Mchana huo huo Mama Mapasa alipita kwenye pengo la ua akiwa na cherehani kichwani. Nyumba tatu za mtaa wa pili zilikuwa zimechomwa, na wao walikwisha kuamua kwenda stesheni kungoja treni ya Kasai pamoja na wenzao.

"Mama, unichungie hii," alimwambia mama yangu. "Kwenye treni bataniibia."

Baba alitoka chumbani. "Dada, sema mbele ya mke wangu na watoto hawa. Ni zawadi au ni amana?"

"Ni amana, Tata."

"Basi nimeipokea."

Habari zikapita kwamba mchukuzi Mwislamu anapokea vitu. Wakaja wengine, wengi wao hatukuwajua. Walileta vitanda, redio, mabati, milango iliyong'olewa pamoja na bawaba zake, kabati la kioo. Ile nyumba isiyo na umbo ikajaa mpaka madirishani. Kulala tulilala katikati ya miguu ya vitanda vya watu. Kabati la kioo liliwekwa mbele ya mkeka wangu, na kila nilipoamka nilijiona nikijitazama katika kioo cha mtu ambaye sikujua yuko wapi. Mama akaja akalifunika kwa kitenge.

Baba aliwapeleka jirani zetu stesheni saa za adhuhuri, jua kali, mtaa mzima ukiona. Mama alimsihi angoje jioni. "Anayejificha ni mwizi," baba alisema. Mimi nilipanda mbele pamoja na bibi kizee na mapacha. Kwenye njia panda palikuwa na gogo barabarani, na refa amesimama juu yake, filimbi ikining'inia shingoni.

"Tata, unabebaka bilulu sasa?"

"Nabeba jirani zangu."

Refa alituangalia. Aliwajua wale watoto; baba yao alimtengenezea taa za uwanja bila malipo. Bibi kizee alimsalimu kwa adabu, kama anavyosalimiwa mtoto wa jirani, na refa akaitikia kwa sababu mdomo wake ulizoea. Halafu uso ukafunga.

"Pita," akamwambia baba. "Lakini gari yako ni ya mihogo. Tukiiona inabeba tena aba bantu, tutaichoma. Na nyumba yako nayo, tutakuya kuangalia iko na nini."

Vijana wakaliondoa gogo. Baba aliendesha polepole.

Stesheni palikuwa pamejaa mpaka juu ya reli. Watu walijenga vibanda kwa mashuka na maboksi, na mvua ilikuwa imenyesha. Hakuna aliyejua treni ingekuja lini. Mama alianza kwenda kila mchana na sufuria ya sombe, yaani kisamvu.

Unga wetu nao ukaisha. Baba ikambidi aende Kisenge kutafuta mzigo. Aliondoka alfajiri, na asubuhi ile ile filimbi ikalia mlangoni kwetu.

Mama alifungua. Refa alikuwa na vijana kama kumi.

"Mama, weye uko wa kwetu," alisema, kwa sauti ya upole. "Wa kaskazini. Hatuna shida na weye. Tunakamata tu bintu bya bale bantu."

"Vitu vya watu viko mikononi mwa mume wangu. Mngojeni."

"Hatungoje."

Wakaingia. Walitoa vitanda, redio, mabati. Kabati la kioo lilipogonga mlango kioo kikapasuka, wakalibeba hivyo hivyo. Mama alisimama katikati ya sebule akiwa amembeba mdogo wangu mgongoni, na walipofika kwenye cherehani akaweka mkono juu yake.

"Hii ni yangu."

Sikuwahi kumsikia mama akisema uongo. Refa naye alimtazama kwa muda, kisha akafungua kitambaa chekundu kichwani mwake. Kilikuwa kimechanika pembeni.

"Kama ni yako, shona."

Mama hakujua kushona. Alikaa, akaingiza uzi mahali pasipo pake, akazungusha, sindano ikapiga chuma. Kijana mmoja akacheka. Nikamwona mama akijaribu tena, shingo yake imelowa jasho, nami nikaenda nikamgusa bega. Aliinuka. Nilikaa, nikapitisha uzi, nikakunja pindo la kile kitambaa kama nilivyofundishwa, nikalishona mpaka mwisho. Nikakata uzi kwa meno.

Refa alipitisha kidole juu ya mshono. "Mutoto anajua kazi," akasema. Akakifunga kichwani. "Muzuri. Mashini ibakie."

Wakaondoka, na mama akanikumbatia kwa nguvu mpaka nikashindwa kupumua. Tulidhani tumeiokoa.

Kesho yake alirudi na gora zima la kitambaa chekundu. Aliliweka mezani kwa heshima, akamwamkia mama, akanieleza upana anaoutaka. Vijana wamekuwa wengi, alisema, na vitambaa havitoshi.

Mama alisema mtoto ana homa. Refa akaniwekea mkono kwenye paji la uso. "Haiko na homa," akasema.

Nilishona. Nilishona kila siku baada ya hapo, mlango wazi, kijana mmoja akiwa amekaa kizingitini akila karanga zetu. Vitambaa vilivyokamilika vilichukuliwa jioni, na asubuhi niliviona vikipita barabarani juu ya vichwa vya watu. Mmoja wao alinipungia mkono. Mama aliacha kwenda stesheni. Alisema miguu inamuuma, lakini nilijua hakuweza tena kumtazama Mama Mapasa usoni.

Baba alirudi na mzigo wa mihogo. Aliingia, akaona chumba kimekuwa kitupu, halafu akaona lile gora jekundu na mimi nyuma yake. Mama alimweleza yote akiwa amesimama. Baba alikaa kwenye mkeka. Tulipomletea maji hakuyanywa.

"Mtu akikuwekea amana, hata kuitumia kwa haja yako hairuhusiwi," alisema mwishoni. "Sembuse kuitumia dhidi ya mwenyewe."

"Ningefanya nini?" mama aliuliza.

"Hukukosea. Wala mtoto hakukosea. Mimi ndiye niliyesema nimeipokea."

Asubuhi aliipakia cherehani kwenye lori, akanichukua na mimi. Tulimkuta Mama Mapasa chini ya shuka lililofungwa kwenye nguzo ya stesheni. Alikuwa amekonda. Nyuma yake bibi kizee alikuwa amelala, amefunikwa mpaka kidevuni, na niliposalimia hakuna aliyeniambia nipunguze sauti. Ndipo nikaelewa. Alikuwa amefariki alfajiri ile.

Baba alitaka kuondoka nami, lakini Mama Mapasa alikwisha kuiona cherehani.

"Tata, juu ya nini unaileta hapa? Nitaiweka wapi?"

Baba akamwambia. Hakuficha kitu. Alieleza kuhusu gora, kuhusu mlango wazi, kuhusu mimi. Nilitazama vidole vyangu. Nilingoja Mama Mapasa anipige, au alie. Aliniita karibu, akanigeuza kiganja, akaona mahali sindano iliponichoma.

"Unasukumaka kitambaa mbio sana," alisema. "Nilikuambia mara ngapi?"

Kisha akaomba nikae nizungushe gurudumu. Akavuta shuka lililokuwa juu ya vichwa vyetu, jua likatuangukia, na hapo hapo, juu ya boksi, tukamshonea mama mkwe wake sanda. Watu walisimama kutuzunguka kimya. Tulipomaliza mwanamke mwingine akaja na shuka lake. Halafu mwingine.

Bibi kizee alizikwa Kolwezi, karibu na mumewe. Baba alimpeleka makaburini kwa lile lori, akapita njia panda ile ile. Siku hiyo vijana waliondoa gogo bila kuambiwa, wakatazama pembeni.

Treni ilikuja juma lililofuata, mabehewa ya mizigo yaliyokuwa na mashimo ya kutu. Jirani zetu walipanda na cherehani yao. Miaka mingi baadaye mtu aliyetoka Mwene-Ditu, Kasai, alituambia aliwaona huko: fundi umeme akiuza mafuta ya taa, mkewe bado akishona, pacha mmoja ameolewa. Wa pili hakufika. Alishikwa na surua Kamina, treni ikiwa imesimama.

Jioni ya siku ile tuliyorudisha cherehani, refa alipokuja kuchukua kazi yake, baba alimkabidhi gora lake, limekunjwa vizuri.

"Mashini iko wapi?"

"Kwa mwenyewe."

Refa alicheka kidogo, kama mtu aliyefungwa goli zuri. Ijumaa ile, baba akiwa msikitini, lori likachomwa uani kwetu. Mama alituingiza chumba cha ndani kabisa, na kwa sababu dirisha letu lilitazama ndani, hatukuona moto. Tulisikia tu matairi yakipasuka, moja baada ya jingine, na kila mlio mdogo wangu aliuliza kama ni kampuni inalipua mgodi. Mama alimwambia ndiyo.

Baada ya hapo baba alinunua baiskeli, akawa anakwenda Nzilo kuleta samaki wa bwawani. Alizeeka haraka. Na nyumba ya Mama Mapasa, baada ya kukaa wazi kwa muda, ikapata mtu. Siku moja tuliona pengo la ua limezibwa kwa bati jipya, na nyuma ya bati tukasikia filimbi ikipulizwa taratibu, kumchezesha mtoto. Refa alikuwa amehamia.

Tulikaa naye jirani miaka mingi. Hilo wageni hawalielewi ninapowasimulia. Hakutukosea tena neno. Alituamkia asubuhi, alikuja kwenye matanga yetu, mkewe alimpa mama miche ya lengalenga, mchicha wa kwetu. Mama aliipokea, akaipanda, akaila. Lakini katika miaka yote ile hakuwahi kumpa refa mgongo. Hata akiwa anafua uani, aligeuza beseni ili bati liwe mbele yake.

Kisha zikatufikia habari za Kasulo, mtaa mwingine wa mji wetu, kwamba watu wanachimba ndani ya nyumba zao na kutoa kobalti chini ya vitanda. Mtaa wetu nao ukabadilika kwa msimu mmoja. Turubai zikatokea kila uani, magunia kila mlangoni, vijana tusiowajua wakiingia nyumba za watu na taa kichwani. Refa, mzee sasa, alianza kuchimba sebuleni. Wanawe walishuka kwa kamba. Alikuja kumwambia baba kwa adabu.

"Tata, tutapita tu chini yenu. Chini sana. Hamutasikia kitu."

Tulisikia. Mama alisikia zaidi. Akiwa jikoni aliinua kijiko na kusimama, akisema wako chini ya jiko. Kisha, baada ya siku, wako chini ya kitanda. Ufa ukatokea kwenye ukuta wa sebule, ukapita chumba cha wazazi, ukaingia chetu. Baba alienda kwa wakubwa wa mtaa, wakamwambia kilicho chini ya ardhi si chake. Siku sakafu ya jikoni iliposhuka upande mmoja na sufuria ikateleza yenyewe mpaka ukutani, baba alisema tunahama.

Refa alikuja kutusaidia kubeba. Alishika upande mmoja wa kitanda cha wazazi wangu, baba akashika wa pili, na wazee wale wawili wakakitoa mlangoni polepole, wakielekezana: inua, shusha, geuza kidogo. Kwenye mkokoteni alijifuta jasho, akamshika baba mkono.

"Muende muzuri, jirani," alisema, na macho yake yalikuwa na machozi kweli.

Tulihamia upande wa pili wa mji, katika vyumba viwili vya kupanga. Niliwafungulia mlango mimi. Mama hakuingia. Alisimama kizingitini, akavua viatu, akaweka mguu mmoja sakafuni, akatulia hivyo.

"Chini ya hapa kuna nini?" aliuliza.

"Udongo tu, mama," nilimjibu.

"Nani alikuambia?"

Mwenye nyumba, aliyekuwa nyuma yetu na funguo mkononi, alitazama pembeni.